Kipande, Ukurasa na Neno Omeka: Historia ya Ukurasa wa Maonyesho ya Mtandaoni na Maswali Yake kwa Miswada ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna ukurasa wa maonyesho ya mtandaoni ulivyobadilika kutoka faili moja lililoandikwa kwa mkono hadi kuwa mkusanyiko wa vipande vya maudhui vinavyopachikwa na kupachuliwa. Kielelezo kikuu ni Omeka, programu iliyotengenezwa Marekani na kupewa jina linaloelezwa kuwa la Kiswahili. Makala yanadai kwamba kipande cha programu, tofauti na kipande cha utenzi, hakina kifungo cha ndani kinachokiunganisha na jirani yake, na kwamba tofauti hiyo si ndogo pale miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu inapowekwa mbele ya macho ya umma.

1. Jina

Mwanzoni mwa mwaka 2008, kituo cha utafiti wa historia na vyombo vipya vya habari cha Chuo Kikuu cha George Mason, katika jimbo la Virginia, kilitoa hadharani toleo la majaribio la programu ya kuhifadhi na kuonyesha makusanyo ya kihistoria. Mwanzilishi wa kituo hicho, mwanahistoria Roy Rosenzweig, alikuwa amefariki miezi michache tu kabla, Oktoba 2007. Programu ilipewa jina Omeka. Watengenezaji wake walieleza kuwa hilo ni neno la Kiswahili lenye maana ya kupanga bidhaa zionekane, kunena waziwazi, kutandaza na kufungua mzigo.

Maelezo hayo yamerudiwa mara nyingi katika miongozo ya wakutubi, lakini wanaisimu wa Kiswahili hawajayashughulikia sana. Huenda ni kwa sababu neno lenyewe ni geni masikioni mwa wazungumzaji wengi wa leo. Mchuuzi wa Kariakoo au Kongowea hutandaza bidhaa zake au huzipanga. Hasemi kwamba anaomeka. Hata hivyo, umbo la neno linastahili kutazamwa. Likikubaliwa kwa maana iliyotolewa, linakaribisha uchambuzi wa mzizi -om- na kinyambuo -ek-, ambacho irabu yake inafuata utangamano wa irabu baada ya o, kama ilivyo katika chomeka na someka.

Tatizo ni kwamba kinyambuo hicho kina sura mbili. Katika someka na vunjika, -ik-/-ek- ni ya kauli ya kutendeka: kitu kinaweza kusomwa, kitu kimepatwa na hali ya kuvunjika. Katika anika, bandika, funika, pachika, twika na chomeka, kinyambuo chenye sauti hiyohiyo hakina maana hiyo hata kidogo. Hapa mtu anakiweka kitu mahali au katika mkao fulani. Kundi hili la pili lina alama nyingine inayolitambulisha, nayo ni kwamba vitenzi vyake huwa na wenzao wa kutendua: anika na anua, bandika na bandua, funika na funua, pachika na pachua, twika na tua, chomeka na chomoa. Kilichowekwa kinaweza kuondolewa bila kuharibika. Nguo iliyoanikwa huanuliwa ikiwa nzima. Jungu lililobandikwa hubanduliwa likiwa jungu lilelile.

Kwa maana waliyoipa watengenezaji wake, basi, omeka ingeingia katika kundi la pili. Kama jina hilo lilichaguliwa kwa bahati au kwa utafiti haibadilishi jambo moja: mantiki ya kuweka na kutendua ndiyo iliyokuja kuwa mantiki ya programu yenyewe, ingawa si tangu siku ya kwanza.

2. Kutoka faili hadi kipande

Maonyesho ya mwanzo kabisa ya mtandaoni yalikuwa vivuli vya maonyesho ya ukumbini. Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoonyesha hati za Bahari ya Chumvi mwaka 1993, iliandaa pia toleo la mtandaoni lililofuata mpangilio wa ukumbi: utangulizi, picha ya kitu, lebo yake, kisha kitu kinachofuata. Kila ukurasa wa zama hizo ulikuwa faili moja. Maneno, picha na alama za mpangilio vilifumwa pamoja kama ukili wa mkeka, na aliyetaka kubadili picha moja alilazimika kuufungua mfumo mzima wa ukurasa. Kazi ilikuwa nzito, lakini ukurasa ulikuwa na mwandishi, na mwandishi huyo alijua kila sentensi ilisimama karibu na nini.

Mabadiliko hayakuanzia kwa wasanifu wa kurasa. Yalianza pale makusanyo yalipozidi uwezo wa mikono. Mwaka 2002 kituo cha George Mason, kwa kushirikiana na wanahistoria wa jamii wa City University of New York, kilifungua hifadhi ya kidijitali ya matukio ya Septemba 11, 2001. Watu wa kawaida walituma simulizi, barua pepe, picha na sauti, na hifadhi hiyo ikafikia zaidi ya vitu 150,000. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005 kazi kama hiyo ilifanywa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha New Orleans. Rosenzweig alikuwa ameshaandika, mwaka 2003, kwamba mwanahistoria wa zama za kidijitali anaweza kukabiliwa na wingi wa vyanzo badala ya uhaba aliouzoea. Hifadhi hizo zilimthibitishia kwa vitendo. Hakuna anayeweza kuandika kwa mkono ukurasa mmoja mmoja wa vitu laki moja na nusu. Kitu kilibidi kiingizwe katika hifadhidata mara moja, kielezwe mara moja, kisha kiitwe popote kinapohitajika.

Omeka ilizaliwa kutokana na mzigo huo. Msingi wake ni kitu, yaani rekodi yenye faili zake na maelezo yake, na maelezo hayo hufuata orodha ya Dublin Core yenye vipengele 15, ambayo ilianza kujadiliwa mwaka 1995 katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio. Maonyesho yalikuwa tabaka la juu. Katika matoleo ya mwanzo mtunzi alichagua kiolezo cha ukurasa kutoka orodha iliyokwisha kuandaliwa: picha kushoto na maneno kulia, au safu ya picha ndogo, au maneno matupu. Kiolezo kimoja kilitawala ukurasa mzima. Mtunzi aliyetaka aya ndefu, kisha picha moja kubwa, kisha picha sita ndogo za kulinganisha, hakuwa na pa kwenda isipokuwa kuugawa mjadala wake katika kurasa tatu.

Toleo la tatu la sehemu ya kujengea maonyesho liliondoa utawala huo wa kiolezo. Ukurasa uligeuka kuwa rundo la vipande vya maudhui, kila kimoja na mpangilio wake: kipande cha maneno, kipande cha picha na maneno, kipande cha picha nyingi. Kila kipande huongezwa, hufutwa au huburutwa juu na chini bila kuvigusa vingine. Omeka S, iliyotolewa rasmi mwaka 2017, ilikwenda mbele zaidi kwa kuruhusu tovuti nyingi zitokane na ghala moja la vitu, ili kitu kilekile kiingie katika vipande vya maonyesho tofauti, kwa maelezo tofauti, bila kunakiliwa upya. Mwishoni mwa mwaka 2018, WordPress nayo ilipofanya kipande kuwa msingi wa uandishi wake, mtindo huu ulikuwa umeshakuwa jambo la kawaida.

Faida zake hazihitaji kupigiwa debe. Maktaba ndogo isiyo na mtaalamu wa programu inaweza kuandaa maonyesho yanayosomeka vizuri. Jambo linalohitaji kuangaliwa ni kile kilichopotea kimyakimya, na hapo istilahi ya Kiswahili inasaidia kuliko inavyotarajiwa.

3. Vipande viwili

Neno kipande limetumika hapa kwa makusudi. Katika elimu ya ushairi wa Kiswahili, kipande ni sehemu yenye mipaka, inayohesabika, inayorudiwa, na hata inayohamishika kwa kiasi, kwani manju hodari huweza kusimamisha kipande kilekile katika beti mbalimbali. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kimoja kwa kawaida na mizani minane. Vitatu vya mwanzo hushirikiana kina kimoja, na cha nne hubeba kina kingine ambacho hudumu kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kina hicho cha mwisho ndicho kinachomwambia msikilizaji, beti mia moja baadaye, kwamba bado yumo katika utenzi uleule.

Kipande cha programu kina mipaka, kinahesabika na kinarudiwa vilevile, lakini hakina kina. Hakuna kitu ndani yake kinachomlazimisha mtunzi akiweke kabla ya kile na baada ya hiki. Kukiburuta kutoka nafasi ya pili hadi ya saba hakuachi jeraha linaloonekana. Ukurasa unaendelea kupendeza. Ubeti ulionyang'anywa kipande chake huchechemea, na hata mtoto wa chuoni husikia. Ukurasa wa maonyesho unaweza kupoteza hoja yake nzima na usichecheme. Mbunifu wa programu atajibu kwamba kuunga hoja ni kazi ya mwandishi, na jibu hilo ni la haki. Lakini chombo kinachofanya kuhamisha kuwe rahisi kuliko kuandika sentensi ya kuunganisha kimeshapendekeza kazi gani ifanywe kwanza.

4. Mswada katika vipande

Makusanyo makubwa ya miswada ya Kiswahili yametawanyika. Yapo Dar es Salaam, ambako J. W. T. Allen alikusanya na kuorodhesha miswada iliyochapishiwa katalogi mwaka 1970, yapo London, katika Chuo cha SOAS, yapo Hamburg. Mengi kati ya hayo yalipita mikononi mwa wanakili kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyenakili tenzi kwa maagizo ya wataalamu wa Kizungu, wakiwemo William Hichens na Ernst Dammann. Ghala moja linalolisha maonyesho mengi linaelekea kuwa dawa ya mtawanyiko huo, na kwa upande mmoja ni dawa kweli.

Uchukuliwe Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Rekodi ya nakala yake moja inahitaji jina, lakini ni Utendi, kwa Kiamu, au Utenzi, kama msomaji wa Kiunguja atakavyoutafuta? Inahitaji mtungaji, naye ni Mwana Kupona. Lakini mkono uliopo kwenye karatasi ni wa mnakili, na Dublin Core humweka mnakili miongoni mwa wachangiaji pamoja na yeyote mwingine. Inahitaji tarehe. Ile ya kutungwa, au ile ya kunakiliwa, ambayo huenda imeandikwa kwa mwaka wa Hijria? Programu inaruhusu kipengele kirudiwe, lakini tarehe mbili zilizopangwa moja chini ya nyingine hazisemi ipi ni ya nini. Inahitaji lugha, na msimbo wa kimataifa swh unafunika Kiamu, Kimvita na Kiunguja kwa blanketi moja. Unachotofautisha ni Kiswahili cha Kongo, kilichopewa swc. Kuongeza alama ya hati, sw-Arab, kunaokoa sehemu ya habari, na ni ajabu kwamba hatua ndogo hiyo husahauliwa.

Hayo ni mambo ya rekodi na yanaweza kurekebishwa na mkutubi makini. Ugumu zaidi uko kwenye ukurasa. Katika miswada mingi ubeti mzima huandikwa katika mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitenganishwa kwa alama ndogo, mara nyingi kwa wino wa rangi nyingine. Jicho linalotoka kulia kwenda kushoto huona vina vya kati vikipangana wima, na kina cha mwisho kikishuka ukingoni mwa karatasi kama ushanga. Mpangilio huo ni sehemu ya kanuni ya shairi, wala haukuwekwa kwa urembo tu. Kipande cha picha na maneno hulazimisha jambo jingine: picha ya karatasi moja, imepunguzwa ukubwa, na pembeni yake tafsiri au unukuzi wa hati za Kirumi uliokatwa mistari minne minne. Msomaji anapata mifumo miwili isiyopatana na haambiwi kwamba haipatani. Tena karatasi inayochaguliwa kwa kawaida ni ile iliyopambwa. Kwa wanakili waliowaandikia Wazungu, pambo lenyewe lilikuwa tayari aina ya maonyesho, na kulichagua tena leo ni kufuata macho ya mteja wa mwaka 1930.

Lipo suluhisho la kiasi, nalo linapatikana ndani ya chombo kilekile. Mtunzi anaweza kuweka karatasi zote za mswada kwa mfuatano katika kipande kimoja, akaandika kipande cha maneno kinachoeleza usomaji wa mstari kabla ya picha ya kwanza, na kuacha unukuzi ufuate mstari wa mswada bila kuukata. Ukurasa utakuwa mrefu na hautavutia kwenye simu. Wasimamizi wa tovuti watalalamika.

Miswada ya Kiarabu ina desturi, iliyowafikia pia wanakili wa pwani, ya kuandika chini ya ukurasa, pembeni, neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikichanguka zipangike tena. Ni neno dogo, nje ya mistari, na kwa asiyejua kazi yake huonekana kama doa. Picha zinapokatwa kingo ili zienee katika nafasi ya mraba ya kipande, hilo ndilo neno la kwanza kuondoka.