Video ya muziki kwa simu: Picha yaweza kukaa mbali, sauti haiwezi

VIDEO za muziki zinazorekodiwa nyumbani kwa simu janja zimekuwa jambo la kawaida kwa familia, vikundi vya vijana na kwaya nyingi nchini. Katika mji wa Same na vijiji vya Milima ya Upare, kuanzia Suji na Chome hadi Mbaga na Gonja, mwenye simu halazimiki tena kusafiri hadi Moshi, Arusha au Dar es Salaam ili wimbo wake uonekane na kusikika.

Hata hivyo, nyingi ya video hizo zina kasoro moja. Picha huwa safi, lakini sauti husikika kama ya watu walio ndani ya pipa, au humezwa na upepo. Mtazamaji huweza kuivumilia picha yenye giza. Sauti isiyosikika humfanya aifunge video kabla ubeti wa kwanza haujaisha.

Kwa kijana anayetunga, hasara hiyo ni ya siku moja, kwani anaweza kurudia kesho. Kwa bibi anayeimba kwa Chasu, lugha ya Wapare, wimbo alioufundishwa na mama yake, huenda nafasi ya pili isipatikane. Sauti iliyorekodiwa vibaya siku hiyo ndiyo wajukuu watakayobaki nayo.

Mara nyingi kasoro hiyo haitokani na simu kuwa ya bei ndogo. Chanzo chake kikubwa ni umbali kati ya mdomo wa mwimbaji na kipaza sauti.

KWA NINI SAUTI HUPOTEA

Kipaza sauti cha simu ni kidogo kuliko punje ya mahindi, na kazi yake ya kwanza ni kunasa maneno ya mtu aliyeishika simu hiyo karibu na uso. Kwa kawaida hupokea sauti za pande zote bila kuchagua. Kamera inaweza kumvuta mwimbaji aliye mbali akaonekana yuko karibu, lakini kipaza sauti hubaki pale simu ilipo.

Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti ya mwimbaji hupungua kwa takriban desibeli 6. Mwimbaji aliyekuwa nusu mita kutoka kwenye simu akirudi nyuma hadi mita 4, sauti yake hupungua kwa desibeli 18. Wakati huohuo, kelele za upepo, jogoo na malori hubaki zilivyokuwa.

Tatizo huongezeka kwa sababu simu nyingi hupandisha na kushusha kiwango cha sauti zenyewe. Mwimbaji anaponyamaza kati ya beti, simu huongeza usikivu na kelele za nje hupanda. Anapoanza tena kwa nguvu, simu hushusha ghafla. Matokeo yake ni wimbo unaopanda na kushuka bila mwimbaji kukusudia.

Kanuni ya kukisogeza kipaza sauti karibu na chanzo cha sauti si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 1950, Hugh Tracey, ambaye mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika nchini Afrika Kusini, alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa asili. Tracey alijulikana kwa kukishika kipaza sauti kwa mkono wake na kukielekeza kwenye ala au sauti iliyohitajika kwa wakati huo. Mitambo yake ilihitaji gari. Leo kazi hiyo hufanywa na kifaa kinachoingia mfukoni, lakini kanuni haijabadilika.

UPEPO WA TAMBARARE, MVUA YA MILIMANI

Mazingira ya Same yanadai tahadhari za aina mbili. Mji wenyewe uko tambarare, upande mkavu wa milima, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha ambako mabasi na malori hupita usiku na mchana. Upepo ukigonga tundu la kipaza sauti hutoa mngurumo ambao ni vigumu mno kuuondoa baadaye.

Kinga rahisi ni kipande cha sponji laini, chenye unene wa sentimita moja au mbili, kinachofungwa kwa mpira mwembamba juu ya tundu la kipaza sauti. Kusimama nyuma ya ukuta unaokinga upepo husaidia zaidi. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapasha ardhi joto, kwa kawaida upepo huwa mdogo kuliko alasiri.

Huko juu, kuelekea kilele cha Shengena chenye urefu wa takriban mita 2,460, adui ni mvua na ukungu. Matone machache juu ya paa la bati yanatosha kuharibu wimbo mzima. Katika masika, yaani kati ya Machi na Mei, na katika vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ni busara kupanga siku ya akiba. Jioni nyenje na vyura huanza, nao hawanyamazishwi.

CHUMBA KINACHOFAA

Si kila chumba tulivu kinafaa. Chumba kitupu chenye kuta za saruji na bati lisilo na dari hurudisha sauti, na mwangwi huo huyafanya maneno yasieleweke. Njia rahisi ya kukipima ni kupiga kofi moja kwa nguvu. Ukisikika mlio unaoendelea baada ya kofi, chumba kinahitaji kuvikwa.

Godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, blanketi nzito zilizotundikwa mbele yake nyuma ya simu, na mkeka au zulia sakafuni hupunguza mwangwi kwa kiasi kikubwa. Khanga moja nyembamba husaidia kidogo tu. Sebule yenye makochi na mapazia mazito ni bora kuliko chumba kikubwa kisicho na kitu.

Jokofu, feni na televisheni huzimwa kabla ya kuanza. Masikio ya binadamu huzoea mvumo wa jokofu na kuacha kuusikia, lakini simu haizoei. Ni vyema mtu mmoja apewe jukumu la kuliwasha tena jokofu kazi ikiisha.

KUIANDAA SIMU

Hatua ya kwanza ni kujua kipaza sauti kiko wapi. Simu nyingi zina zaidi ya kimoja. Kilicho kikuu huwa chini karibu na tundu la chaji, na kingine huweza kuwa juu au karibu na kamera ya nyuma. Kukwaruza taratibu karibu na kila tundu huku simu ikirekodi, kisha kusikiliza, huonyesha kinachotumika. Kava la simu na vidole havitakiwi kukiziba.

Hatua ya pili ni kuiweka simu katika hali ya ndegeni. Simu ikipigwa katikati ya wimbo huweza kukatisha kurekodi, na mawasiliano ya mtandao wakati mwingine huingiza mlio wa kukwaruza katika sauti.

Hatua ya tatu ni kutumia programu ya kurekodi inayomruhusu mtumiaji kupanga kiwango cha sauti mwenyewe na kuzima kipengele cha kupunguza kelele. Kipengele hicho kimekusudiwa mazungumzo, na mara nyingi hudhani ngoma au mvumo wa besi ni kelele na kuukata. Mwimbaji aimbe sehemu yenye nguvu kuliko zote, na kiwango kipangwe ili kilele chake kibaki kati ya desibeli 12 na 6 chini ya ukomo. Sauti iliyopita ukomo hupasuka, na kuirejesha katika hali yake ni vigumu sana.

Hatua ya nne ni kuhakikisha nafasi ipo. Wimbo wa dakika 4 uliorekodiwa katika faili lisilobanwa la aina ya WAV, kwa mkondo mmoja, sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 16, huchukua takriban megabaiti 23. Kiasi hicho ni kidogo kikilinganishwa na video yenyewe, hivyo hakuna sababu ya kuibana sauti mapema.

Wenye uwezo wanaweza kununua kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo, chenye waya. Kabla ya kununua, wahakikishe plagi yake inaingia na kufanya kazi katika simu yao. Vifaa vya masikioni vya bluetooth havifai kurekodia muziki, kwa kuwa mara nyingi huibana sauti ikafanana na ya mtu anayeongea kwenye simu.

KUPANGA WAIMBAJI

Kwa mwimbaji mmoja, simu ikae sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni, chini kidogo ya kidevu na pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi kama "p" na "b" isigonge tundu moja kwa moja. Akiwa na gitaa, simu ishushwe kati ya mdomo na gitaa, kisha isogezwe kuelekea kile kinachosikika kidogo.

Kwa kwaya mambo ni tofauti. Uimbaji wa sauti nne una mizizi mirefu Upareni, ambako Waadventista walianza kazi yao ya kwanza nchini mwaka 1903 huko Giti, na ambako leo wapo pia Walutheri wa Dayosisi ya Pare na Wakatoliki wa Jimbo la Same. Katika uimbaji huo, uzuri wa wimbo uko katika mizani ya sauti hizo, na simu moja inaweza kuinasa mizani hiyo ikiwekwa mahali pake.

Kikundi cha watu wanane kisimame nusu duara, na simu iwekwe katikati kwenye stendi, usawa wa vidomo, mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwa kila mmoja. Mwenye sauti kubwa arudi nyuma hatua moja na mwenye sauti ndogo asogee mbele. Ngoma na kinanda vikae mbali zaidi, na spika ya kinanda isielekezwe kwenye simu. Marekebisho hufanywa kwa miguu kabla ya kurekodi, kwa sababu sauti zilizokwisha kuchanganyika katika faili moja hazitenganishwi kwa urahisi.

PICHA NA SAUTI KUREKODIWA MBALIMBALI

Katika mpangilio huo, simu iliyo karibu kiasi cha kunasa sauti vizuri iko karibu mno kuweza kupiga picha ya kundi zima. Suluhisho ni kuzitenganisha kazi hizo mbili.

Njia ya kwanza ni kutumia simu mbili kwa wakati mmoja. Moja hukaa mbali na kupiga picha, nyingine hufichwa karibu na waimbaji na kurekodi sauti. Mtu hupiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, na jingine mwishoni. Wakati wa kuhariri, mlio wa kofi katika faili la sauti hulinganishwa na picha ya viganja vinapokutana. Kofi la mwisho huonyesha kama simu hizo zimepishana, jambo linaloweza kutokea katika rekodi ndefu.

Njia hiyo huondoa pia kasoro nyingine. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kamera iliyo mita 10 kutoka kwa mpiga ngoma hupokea mlio ukiwa umechelewa kwa karibu fremu moja katika video ya fremu 30 kwa sekunde. Kwa mita 30 huchelewa fremu tatu hivi, na jicho huanza kuona kwamba mkono na mlio havikutani.

Njia ya pili ni kurekodi sauti kwanza, chumbani, hadi iwe safi. Baadaye waimbaji huenda mahali penye mandhari nzuri, wimbo huchezwa kwa spika, nao huimba wakiufuata huku wakipigwa picha. Kwaya nyingi za Tanzania zimefanya hivyo kwa miaka mingi kwa kutumia studio. Simu ya picha iachwe inase wimbo kutoka kwenye spika, kwani sauti hiyo mbovu ndiyo itakayotumika kuoanisha picha na rekodi safi kabla ya kufutwa. Wanaotaka kupiga picha ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome waombe kwanza kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Kwa mzee anayeimba kutoka moyoni, njia ya pili haifai. Kumtaka aigize wimbo alioimba jana ni kumsumbua, na mara nyingi hataimba vilevile. Yeye arekodiwe mara moja kwa simu mbili, akiwa amekaa kwenye kiti alichokizoea. Kabla hajaanza kuimba, aombwe kutaja jina lake, kijiji chake na mahali alipojifunzia wimbo huo.

KUHARIRI NA KUTUNZA

Sekunde 10 za ukimya zirekodiwe kabla ya wimbo. Programu za kuhariri, ikiwemo Audacity ambayo hutolewa bure kwa kompyuta, hutumia ukimya huo kutambua mvumo wa chumba na kuupunguza. Upunguzaji uwe wa kiasi, kwani ukizidi sauti hugeuka kama inayotoka majini. Kazi ikaguliwe kwa hedifoni, kisha kwa spika ya simu ya kawaida, maana wengi wataisikilizia huko.

Video inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupungua ubora. Ikitumwa kama faili la waraka hufika ilivyo. Rekodi ya awali isifutwe, na nakala zake zitunzwe mahali pasipopungua pawili, kwa mfano kadi ya kumbukumbu na kompyuta ya ndugu anayeishi mji mwingine.

Kwa nyimbo zilizotungwa na wengine, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda haki za mtunzi, hivyo ruhusa itafutwe kabla ya kuitoa video hadharani.

Kabla ya yote hayo, jaribio fupi lisiachwe. Sekunde 30 za kurekodi na kusikiliza, mwimbaji angali amekaa, hugundua tundu lililozibwa, feni iliyosahauliwa au kiwango kilichopita ukomo wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.