Afya ya kinywa kwa watu wenye ulemavu

Afya ya kinywa kwa watu wenye ulemavu ni kinga na tiba ya meno, fizi, ulimi na midomo kwa watu wenye ulemavu wa mwili, akili au hisi.

Vihatarishi
Mtu mwenye mtindio wa ubongo huweza kupata shida kumeza, hivyo chakula hubaki mdomoni na kuozesha meno. Ugonjwa wa fizi huwapata zaidi wenye sindromu ya Down. Fenitoini, dawa ya kifafa, huweza kuvimbisha fizi. Wenye ualbino huhitaji kukinga midomo dhidi ya jua.

Utunzaji
Meno hupigwa mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Mshikio wa mswaki ukizungushiwa kitambaa hushikika vizuri zaidi. Mlezi husimama nyuma ya anayesaidiwa na kukiegemeza kichwa chake.

Huduma nchini Tanzania
Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki yao ya kupata matibabu. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga, hutoa tiba ya kibingwa ya meno. Hata hivyo, wengine huishi mbali nayo: kwa mfano, kutoka Kimbiji, kata ya Wilaya ya Kigamboni, mgonjwa hufika huko kwa kuvuka kwa kivuko cha Magogoni au Daraja la Nyerere. Safari hiyo ni nzito kwa mwenye kiti cha magurudumu; kwa hiyo uchunguzi wa meno unastahili kupatikana katika zahanati za karibu.