Mtihani, Mashine na Insha ya Kiswahili Nchini Kenya

Historia ya Kiswahili katika shule za Kenya haitenganiki na historia ya mtihani. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza lugha hii iwe somo la lazima katika shule za msingi. Hata hivyo, kwa miaka 20 hivi pendekezo hilo lilikosa nguvu, kwani Kiswahili hakikutahiniwa mwishoni mwa elimu ya msingi. Walimu na wazazi walikichukulia kuwa somo la ziada. Ni baada ya Ripoti ya Mackay ya 1981, na kuanzishwa kwa mfumo wa 8-4-4 mnamo 1985, ndipo Kiswahili kilipotahiniwa kwa lazima katika KCPE na, kuanzia 1989, katika KCSE. Hivyo basi, mtihani ndio uliokipa Kiswahili hadhi darasani. Makala haya yanadai kwamba mtihani huohuo uliiandaa insha kwa ajili ya mashine kabla mashine yenyewe haijafika.

Katika KCPE, Kiswahili kiligawika sehemu mbili. Sehemu ya lugha ilikuwa na maswali ya kuchagua jibu, ambayo mashine iliweza kuyasahihisha kwa kusoma alama za penseli. Insha ilisomwa na binadamu. Kwa nadharia, hapa ndipo ubunifu wa mtoto ulipopata msomaji. Kwa vitendo, mtahini mwenye rundo la karatasi na muda mfupi alihitaji dalili za kutambulika upesi: methali, tashbihi, msamiati mzito, hati safi. Walimu walizigundua dalili hizo. Wanafunzi wakakariri mianzo na miisho iliyoweza kupachikwa katika mada yoyote. Pambo likachukua nafasi ya fikra.

Mwelekeo huu una mfano wake Marekani. Mnamo 1966 Ellis Page alieleza jinsi kompyuta ingeweza kukadiria alama za insha kwa kupima sifa za nje, kama vile urefu wa insha na urefu wa maneno. Kufikia 1999 shirika la ETS lilikuwa likitumia programu iitwayo e-rater kusahihisha insha za mtihani wa GMAT. Programu hizo hazikuelewa hoja; zilihesabu dalili zinazoandamana na uandishi mzuri. Je, mtahini anayehesabu methali ana tofauti gani nazo?

Swali hili lina uzito zaidi leo. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Tathmini ya KPSEA, iliyoanza 2022 chini ya mtaala wa umilisi, ilikuja na maswali ya kuchagua jibu, bila insha. Wakati huohuo, zimeibuka programu za kompyuta zinazotunga insha nzima ya Kiswahili kwa muda mfupi, tena yenye methali na tashbihi tele.

Kuondoa insha si suluhisho, kwani historia iliyotajwa inaonyesha kuwa kisichotahiniwa hupuuzwa. Aidha, kuirejesha kwa vigezo vya zamani ni kutuza kile ambacho mashine hukifanya bila jasho. Linalodaiwa ni kigezo cha mhakiki: methali hii inafanya kazi gani hapa, na hoja hii inampeleka wapi msomaji? Hapo ndipo kutahini kunapokuwa tawi la uhakiki wa fasihi.