Kabla ya gofu, Karen ilikuwa na wenyewe

Mwaka 2027 Karen Country Club ya Nairobi itatimiza miaka 90. Ni klabu ya wanachama yenye mashimo 18 yaliyozungukwa na miti, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo mpira huenda mbali kuliko ambavyo ungeenda Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika. Mchezaji hukanyaga majani ya Kikuyu, ya asili ya nyanda hizo za juu, ambayo leo yamepandwa hadi Australia.

Ardhi hiyo ilikuwa shamba la kahawa. Karen Blixen wa Denmark alifika Kenya mwaka 1914, akaja kusimamia hektari zipatazo 2,400 karibu na vilima vya Ngong. Kahawa ilichukua sehemu ndogo tu, na mahali penyewe palikuwa juu mno kwa zao hilo. Madeni yalipozidi, shamba liliuzwa mwaka 1931. Mnunuzi, Remi Martin, aligawa viwanja vya kuuza.

Kilichowaka moto ni suala la Wakikuyu walioishi humo. Sheria ya 1918 iliwataka wapangaji wa aina yao wamfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Sasa waliambiwa wahame. Mkulima wa mpunga wa Lubarika, katika eneo la Uvira, anayejua shamba lake lilianzia kwa babu, ataelewa uchungu huo mara moja. Wazee walimfuata Blixen nyumbani wakitaka jibu: wataenda wapi, na ng'ombe wao je? Hawakutaka kutawanywa, walitaka kuhama pamoja, wabaki majirani.

Blixen alizunguka ofisi za Nairobi, akafika hadi kwa gavana, Joseph Byrne. Mwishowe serikali iliwatengea sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti. Habari hii tunaipata katika kitabu chake, *Out of Africa*, kilichotoka mwaka 1937, mwaka uleule klabu ilipoanzishwa. Ndiyo maana yeye anaonekana mbele na wazee wako nyuma, ingawa wao ndio waliodai bila kuchoka.

Gofu nayo ilikua: mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967. Mwaka 2019, yalipopanda hadi ngazi ya juu ya gofu ya Ulaya, yalichezwa Karen, na Mwitaliano Guido Migliozzi akashinda.

Sherehe za 2027 zitamtaja Blixen, bila shaka. Familia za Wakikuyu waliohamishwa nazo zinastahili ubao karibu na shimo la kwanza, ulioandikwa kwa Kikuyu na Kiswahili.