Nguo, Bandi na Pareto

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Neno hilo lina hekima nyingi, lakini aliyelisema hakuwa akifikiri habari za nguo. Nguo huoza. Hushikwa na koga kwa sababu ya unyevu, hutafunwa na panya, huliwa na wadudu, na hupauka kwa jua. Kwa hiyo mtu atakaye kujua historia ya nguo katika mji wa Nakuru na nchi inayouzunguka sharti aulize maswali mawili: nguo ilifikaje huku, na baada ya kufika ilitunzwaje? Swali la kwanza vitabu vimelijibu. La pili halikuandikwa sana, kwa kuwa jibu lake lilikuwa mikononi mwa akina mama, na wengi wao hawakupewa kalamu.

Zamani wenyeji wa Bonde la Ufa walivaa ngozi zilizolainishwa kwa mafuta. Waogiek wa misitu ya Mau walishona ngozi za pimbi, nao Wamaasai walivaa ngozi za mifugo yao. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilipita Naivasha ikaelekea Baringo kutafuta pembe za ndovu. Wapagazi walichukua shanga, nyaya na majora ya merikani. Jina la nguo hiyo lenyewe ni historia: mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na nguo nyeupe ngumu iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts ikaenea katika Afrika Mashariki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kutoka 1861 hadi 1865, viliikatiza biashara hiyo. Nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikashika nafasi, lakini jina la merikani likabaki.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Reli ikafika Nakuru mwaka 1900, na mwaka uliofuata ikafika ziwa la Nyanza. Nyuma ya reli walikuja wafanya biashara Wahindi wakafungua maduka, na katika baraza za maduka hayo mafundi walikaa na vyerehani vyao. Lakini nguo haikutolewa bure. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya nyumba, na ardhi kubwa ya bonde ikatwaliwa na walowezi. Mtu aliyetaka fedha ya kodi alikwenda kufanya kazi katika mashamba yao, na mara nyingi posho yake ilikuwa unga, chumvi na blanketi moja. Hivyo nguo iliyopatikana kwa jasho haikutupwa ilipochakaa. Ilikatwa, na vipande vyake vikawekwa.

Kuunga vipande si jambo geni kwetu. Yasimuliwa kwamba wanawake wa pwani, katika karne ya 19, walinunua vitambaa sita vya leso vilivyokuwa bado havijakatwa, wakavigawa vitatu vitatu, wakavishona pamoja kuwa nguo moja pana. Huo ndio mwanzo wa leso tuivaayo leo. Nako katika jimbo la Karnataka, Bara Hindi, Wasiddi, ambao ni wazao wa Waafrika waliovushwa bahari, hushona mifarishi ya vipande vya nguo kuukuu hata leo.

Mfarishi ulikuwa na kazi kubwa katika nchi yetu kwa sababu ya baridi. Nakuru iko kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari, na Molo imepita mita 2,400. Usiku wa Julai huko blanketi moja halitoshi. Nyanya yangu, ambaye alikulia katika shamba la mlowezi karibu na Molo, alinifundisha namna ya kuushona, nami naiandika hapa kama alivyoniambia.

Alitandika kwanza kitambaa cha chini juu ya mkeka, upande wa ndani ukitazama juu, akakinyosha kwa viganja mpaka kisiwe na kunyanzi. Juu yake aliweka blanketi kuukuu, na juu ya blanketi akaweka vipande vilivyokwisha kuungwa. Ndipo alipopiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kila mshono upana wa vidole vinne hivi. Alianza katikati akaenda pembeni, kwa kuwa aanzaye pembeni huisukuma mikunjo ikakusanyika katikati, na hapo haina pa kutokea. Uzi wa bandi ulikuwa wa rangi nyingine ili uonekane upesi wakati wa kuufumua. Mshono wa kudumu ulipomalizika, bandi ilitolewa, na uzi wake ukazungushwa kijitini ukangoja kazi nyingine.

Utunzaji nao ulikuwa na kanuni zake. Nguo haikuwekwa akibani ikiwa chafu, kwani jasho na mafuta huwaita wadudu. Haikutiwa wanga, kwa sababu wako wadudu waupendao. Ilianikwa hadi ikakauka kabisa, ikafungwa katika kitambaa safi cha pamba, ikawekwa sandukuni, na sanduku likainuliwa juu ya mawe ili lisiguse sakafu. Kila baada ya miezi michache ilitolewa ikakunjwa upya, mikunjo ikipita mahali pengine, maana nguo iliyokunjwa siku zote mahali pamoja hukatika hapo.

Adui mkubwa wa blanketi la sufu ni nondo. Nondo aliyekwisha kukua hali nguo. Walao ni viwavi wake, nao hupenda sufu na manyoya kuliko pamba. Watu wa pwani walifukiza nguo zao udi na kuweka kafuri. Nyanya alikuwa na dawa ya shambani: maua ya pareto yaliyokaushwa, yakapondwa, yakatiwa katika vifuko vidogo vya kitambaa. Nguvu ya pareto hupungua upesi juani, bali katika giza la sanduku hudumu zaidi. Aliziweka pembeni, mbali na chakula na watoto.

Pareto ililetwa Kenya kutoka Ulaya karibu na mwaka 1928. Ilistawi katika baridi ya Molo na Mau, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Kenya ilichukua nafasi ya Japani kama muuzaji mkubwa wa zao hilo, ambalo majeshi yalilihitaji kuua mbu. Wachumaji wengi walikuwa wanawake na watoto, na nyanya yangu alikuwa mmoja wao. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliowafungulia wakulima wadogo Waafrika njia pana ya kulima mazao ya biashara, pareto ikiwamo. Basi nguo ilitoka mbali, lakini dawa ya kuilinda ilichumwa kwa mikono ile ile iliyoishona.

Mfarishi wa nyanya aliushona katika miaka ya 1960. Ulikuwa na kipande cha kaniki, kipande cha mfuko wa unga, pembe ya leso, na sare ya shule ya mama yangu. Mwaka 1992, ghasia zilipowafukuza watu wengi katika mashamba ya Molo, nyanya alifunga mfarishi huo mgongoni na mimi ndani yake. Nilikuwa na umri wa miaka mitatu. Vyombo, kuku na sanduku viliachwa.

Alipofariki nilipewa mimi. Nami, niliyekuwa nimesoma chuoni na kujiona mwenye elimu, niliutia katika mfuko wa nailoni nikauweka sakafuni chini ya kitanda. Mvua za masika mbili zikapita. Nilipoufungua, koga ilikuwa imeenea, panya wameingia, na blanketi la ndani lilikuwa vumbi. Katika ukingo mmoja niliona uzi wa bandi ambao nyanya alisahau kuufumua. Ulikuwa uzi wa mfuko wa unga. Ni hicho tu nilichoweza kuokoa, pamoja na kipande cha sare. Mfarishi uliovuka mwaka 1992 mgongoni mwa mwanamke mzee ulishindwa kuvuka miaka miwili ya uzembe wangu.

Enyi wanafunzi, wengi wenu mnadhani kwamba historia imo katika hifadhi za serikali peke yake. Nendeni nyumbani, mwulizeni mama au nyanya ni nguo gani iliyo kuukuu kuliko zote. Iandikeni katika daftari: nani aliivaa, ilinunuliwa wapi, ilihama mara ngapi. Kisha ianikeni kivulini penye upepo, mkaifunge kwa pamba, mkaiinue kutoka sakafuni. Fanyeni hivyo wakati wenyewe wangali hai wa kuwajibu.