Asili ya Kitenzi "Protest"

Msomaji, ukifungua gazeti lolote la Kiingereza ni nadra usikutane na kitenzi "protest". Mara wafanyakazi, mara wanafunzi, mara wakulima. Na maana ni ile ile, kwamba hawakubali. Kwa hiyo huenda ukastaajabu kusikia kuwa hapo mwanzo neno hili halikuwa na kukataa ndani yake hata kidogo.

Lilitoka katika Kilatini, likapitia Kifaransa. Sehemu yake ya kwanza maana yake ni "mbele" au "hadharani", na ya pili ni "kushuhudia". Aliyetenda tendo hilo alisimama mbele za watu akatoa ushahidi wa lile aliloliamini. Kiswahili chetu kilishika njia nyingine. Sisi husema "kupinga", na kupinga ni kulaza kitu kikakingama, kama kipingo kinavyokingama mlangoni. Mswahili alianza na kizuizi. Mrumi alianza na ushahidi.

Basi ushahidi uligeukaje kuwa upinzani? Sehemu kubwa ya jibu iko Ujerumani, katika mji wa Speyer. Martin Luther alikuwa amekwisha kutengwa na Kanisa, na amri ya dola ya mwaka 1521 ilikuwa imemhukumu. Lakini baraza la dola lililokutana Speyer mwaka 1526 lililegeza kamba: kila mtawala afanye katika nchi yake kama atakavyoweza kujibu mbele ya Mungu na mbele ya Kaisari. Mwaka 1529 baraza likakutana tena mjini humo, chini ya Ferdinand, nduguye Kaisari Charles wa Tano, na wengi wakaamua kuitangua ruhusa ile.

Tarehe 19 Aprili wale wachache wakatoa tamko lao. Walikuwamo John wa Saxony na Philip wa Hesse, na miji 14 ikawaunga mkono, Strasbourg na Nuremberg ikiwa miongoni mwayo. Hoja yao, ukiipima, ni nzito: neno lililoafikiwa na wote haliwezi kuvunjwa na wengi peke yao, na katika mambo ya Mungu kila mtu atajibu kwa nafsi yake, wala haifai kuhesabu kura. Walijua kuwa wanamkabili Kaisari mwenye majeshi. Ferdinand alikataa kuipokea hati yao. Katika hati hiyo ndimo lilimotoka jina la Waprotestanti.

Usidhani, hata hivyo, kwamba walikuwa malaika. Baraza lile lile liliamuru wauawe Waanabaptisti, yaani wale waliobatiza upya watu wazima, na watetezi hawa wa dhamiri waliikubali amri hiyo.

Huko Uingereza maana ya kale haikufa upesi. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Hamlet, malkia anatazama mchezo na kusema kwamba mwanamke aliye jukwaani anazidisha tendo hili. Wasomaji wengi hudhani mwanamke yule anakana jambo. Sivyo: anaapa. Anaapa kwamba mumewe akifa hataolewa tena, na malkia anaona viapo vimepita kiasi. Hata leo, ukisoma habari za mahakama kwa Kiingereza, utakuta mshtakiwa akitajwa kwa kitenzi hiki hiki pamoja na neno la kutokuwa na hatia. Hapingi kwamba hana hatia. Anashuhudia kwamba hana.