Mlango Uliofungwa na Njia Iliyo Wazi

Mjukuu wangu anaishi nami hapa Bunju, katika nyumba niliyoijenga kidogo kidogo kabla ya kustaafu, wakati ambapo mtu aliyetoka mjini kwa Barabara ya Bagamoyo, akishapita Tegeta na kiwanda cha saruji cha Wazo, aliona mikorosho na minazi zaidi ya paa za nyumba. Kazi ya kijana huyu ni kuangalia mitambo ya mawasiliano iliyoko mikoani. Huiangalia akiwa hapa hapa barazani, kompyuta ikiwa mapajani. Jioni moja mwanzoni mwa mwaka 2025 alinijia amenuna.

"Babu, programu yangu imekufa. Sikuigusa hata herufi moja. Nimeweka toleo jipya la lugha tu."

Nilimwomba anieleze taratibu, kama amwelezaye mwanafunzi wa darasa la tano. Aliyonieleza yalinirudisha kwenye jambo nililolitenda mwaka 1987, ambalo sijapata kuliandika mahali popote. Hiyo ndiyo sababu ya insha hii, ndugu msomaji, nawe utanivumilia nikianza mbali.

Kila mtambo mkubwa wa mawasiliano una tundu lake ambalo fundi huchomeka waya na kuzungumza nao kwa maandishi, hata pale unapoharibika kiasi cha kutojibu kwa njia nyingine. Mitambo ikiwa mingi na kituo kikiwa mbali, nyaya za matundu hayo yote huingizwa katika kisanduku kimoja kiitwacho seva ya terminali. Fundi aliye Bunju hubisha hodi kwenye kisanduku kile kilicho Songea au Kigoma, akachagua mtambo, akaongea nao kana kwamba ameketi mbele yake. Mjukuu wangu alikwisha kuchoka kufanya hivyo kwa mkono kila jioni, akaandika programu ya kumfanyia. Aliiandika kwa lugha ya Python, akitumia maktaba iitwayo telnetlib.

Maktaba hii si ile ya rafu na vitabu. Ni mkusanyo wa maagizo yaliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine, ili wewe usianze upya. Mwalimu atanielewa upesi: ni kama kurithi azimio la kazi lililoandikwa vizuri na mwenzako aliyekutangulia. Telnetlib ilijua kubisha hodi, kusubiri mpaka isomeke mahali panapoulizwa jina, kutoa jina, kusubiri tena mpaka paulizwe neno la siri, na kulitoa. Kisha, mwezi Oktoba 2024, toleo la 3.13 la Python likatoka bila maktaba hiyo. Wenye lugha walikuwa wametoa onyo tangu toleo la 3.11 la mwaka 2022. Mjukuu wangu, kama vijana wengi na wazee wengi pia, hakusoma onyo.

Kwa nini waiondoe? Hapo ndipo historia inapoingia.

Pwani yetu ilianza mapema kuzungumza na walio mbali. Waya wa simu wa chini ya bahari uliotoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879 na kuendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Mwaka 1890 waya mwingine uliunganisha Unguja na Bagamoyo na Dar es Salaam. Tangu siku hizo hadi zama za telegramu zetu za posta, jambo moja halikubadilika: karani aliyeipokea simu yako aliisoma yote. Alijua nani kafiwa, nani kafilisika, na nani anadai mahari. Siri yako ilitunzwa na heshima ya karani. Waya haukujua kuficha kitu.

Kompyuta nazo zilifika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta kuleta hasara, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo. Ninachokikumbuka mimi cha mwaka ule ni Azimio la Musoma la mwezi Novemba na elimu ya msingi kwa wote. Habari ya kompyuta haikutufikia shuleni hata kidogo.

Huko Marekani mambo yalikuwa yamekwisha kuanza. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi Charley Kline, akiwa katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, alijaribu kuingia katika kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stanford kupitia mtandao mpya wa ARPANET. Alitaka kuandika LOGIN, neno la kuombea kuingia. Herufi L ikafika, O ikafika, kisha mtambo wa upande wa pili ukazimika. Baada ya muda wa saa moja hivi walifaulu. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza wa mtandao ule haukuwa barua wala picha. Ulikuwa hodi.

Katika mwaka huo huo wataalamu walianza kuitungia hodi hiyo kanuni, nayo ikaitwa Telnet. Mwaka 1983 Jon Postel na Joyce Reynolds waliiandika katika sura iliyodumu. Mjukuu wangu aliponionyesha kanuni hiyo nilivutiwa kama mwalimu wa lugha, kwa sababu imejengwa juu ya maneno manne tu, na ukiyatia katika Kiswahili ni haya: Nitafanya, Sitafanya, Fanya, Usifanye. Mashine mbili zinapokutana hupatana kwanza namna ya kuzungumza. Moja husema, "Nitafanya mwangwi," yaani kila herufi utakayoandika nitakurudishia uione. Ya pili hujibu "Fanya" au "Usifanye". Kukataa si kosa kamwe. Tena kanuni inakataza kujibu jambo lililokwisha kukubaliwa, maana mashine mbili zenye adabu nyingi zingeweza kushukuriana mpaka umeme ukatike. Nilicheka, kwa kuwa nimepata kusimama njiani na wazee wenzangu tukiulizana habari za nyumbani, za watoto na za shamba mpaka daladala ikatuacha.

Maneno haya manne hupita kwa namba, kuanzia 251 hadi 254, yakitanguliwa na 255 ambayo maana yake ni "sikiliza, hii ni amri". Anayeandika programu bila maktaba hukutana na namba hizo zimejichanganya na maandishi asijue ni nini. Maktaba ndiyo huzijibu kimya kimya.

Sasa nifike kwenye kiini. Paulizwapo neno la siri, mashine ya mbali huacha kurudisha mwangwi. Unaandika, na kwenye kioo hakuonekani kitu. Aliye nyuma ya bega lako haoni. Wewe mwenyewe huoni. Unaamini kwamba umeficha. Lakini neno lile linasafiri njia nzima likiwa wazi, herufi baada ya herufi, na yeyote aliyetega sikio katikati ya njia analisoma kama karani alivyosoma telegramu.

Aliponieleza hayo niliweka kikombe chini.

Mwaka 1987 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu huko bara. Fedha za chakula cha wanachuo zikaonekana kupungua, na aliyezishika alikuwa mkufunzi kijana niliyempenda kwa bidii yake. Ilikuwa masika, simu ya waya ilikuwa imekufa na barabara haipitiki. Nikaenda bomani kutumia simu ya upepo ili kuwaarifu wakubwa wa elimu. Kwa kuwa jambo lilikuwa la siri, nilimwomba mhudumu atoke. Nilifunga mlango. Nilifunga hata dirisha. Kisha nikashika kinasa sauti, nikataja jina la mkufunzi yule, kiasi cha fedha, na neno "wizi".

Kila kituo cha mkoa chenye redio kama ile kilinisikia.

Baada ya majuma mawili mkaguzi alifika na kukuta stakabadhi imebanwa katika jalada lisilo lake. Hesabu ilikuwa sawa hadi senti ya mwisho. Nikarudi bomani, nikasema kwa redio ile ile kwamba mkufunzi hana hatia. Habari ya kwanza ilikuwa imekwisha kufika kijijini kwao kabla ya mkaguzi. Ya pili, kwa kadiri nilivyopata kujua, haikubebwa na mtu. Kabla mwaka haujaisha aliomba uhamisho, nami nikatia sahihi bila kumtazama usoni.

Nilijiliwaza kwa miaka mingi kwamba nilifunga mlango. Ni kweli niliufunga. Nilimzuia mtu mmoja aliye karibu, nikawasimulia mamia walio mbali.

Dunia ya kompyuta nayo ilijiliwaza hivyo hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki kuligunduliwa mtego uliokuwa ukinasa maneno ya siri mtandaoni, na mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akatunga njia mpya aliyoiita SSH. Ndani yake maneno yote husafiri yamefumbwa. Si hivyo tu. Mara ya kwanza unapobisha, mashine ya mbali hukuonyesha alama yake, nawe huulizwa kama unaitambua. Alama hiyo hutunzwa, na siku nyingine akitokea mwingine kujifanya ndiye, unaonywa. Ni hodi yenye kuuliza "Nani?" pande zote mbili.

Sisi wakati huo tulikuwa ndio kwanza tunaingia njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi wa ESANET ulikuwa umeanza kuwaunganisha watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe kwa barua za kompyuta zilizopita katika simu za kawaida. Anwani ya nchi yetu ya mtandao, ile yenye herufi tz, iliandikishwa mwaka 1995. Kwa miaka mingi safari ilikuwa ya kupanda kwenye setilaiti iliyo juu kilomita zipatazo 36,000 na kushuka. Aliyetumia Telnet aliandika herufi moja na kungoja nusu sekunde na zaidi mwangwi wake urudi, maana herufi yenyewe ilibidi ipande na kushuka mara mbili. Mwezi Julai 2009 mkonga wa SEACOM wa chini ya bahari ukaanza kazi na kufika Dar es Salaam, na kungoja kukapungua sana. Tulishangilia kasi. Ni wachache waliouliza nani anasikiliza.

Basi ndivyo nilivyouona mimi uondoaji wa telnetlib: kila mwanafunzi hakabidhiwi tena, pamoja na lugha, azimio la kazi linalomfundisha kutangaza siri. Mjukuu wangu aliandika upya programu yake kwa maktaba nyingine iitwayo Paramiko, inayotumia SSH. Vifaa vyake vichache ni vizee kama mimi na havijui ila Telnet. Hivyo amevizungushia ua: mtu huingia kwanza kwa mlango wenye ufunguo, na Telnet huzungumzwa ndani ya ua tu, mahali wasipopita wageni. Niliona ni busara. Wazee hawakutupwa, ila hawakuachwa kupiga kelele barabarani.

Nami nilikuwa na kazi yangu. Ilinichukua siku kadhaa kuipata namba ya yule mkufunzi, ambaye naye amekwisha kustaafu. Alinitambua kwa sauti. "Shikamoo, Mkuu," akasema, kama vile tuliagana jana. Nilimweleza habari ya redio na mlango, na nikamwomba radhi. Alikaa kimya, nikadhani mtandao umekatika.

"Nililijua siku ile ile," akasema. "Karani wa kituo cha pili alikuwa shemeji yangu. Lakini redio haikuniuma sana, Mkuu. Ofisi yangu ilikuwa hatua ishirini kutoka yako. Ungebisha hodi, ukaniuliza."

Sikuwa na la kujibu. Aliniuliza hali ya wajukuu, nikamweleza. Nami nikamuuliza hali ya wake.